Bei ya tovuti Kathonzweni: Hesabu inayokwepwa na fundi na mteja

MWENYE duka la pembejeo mjini Kathonzweni anayetaka kutengenezewa tovuti hukabiliwa na kitendawili kabla hata kazi haijaanza. Fundi wa kwanza humwambia Sh5,000. Wa pili, ambaye pengine alisomea taaluma hiyo chuoni na huishi mtaa mmoja na yule wa kwanza, hutaja Sh30,000. Kampuni ya Nairobi anayoipigia simu humtumia makadirio yanayozidi Sh100,000. Kazi aliyoiomba ni ile ile: kurasa chache za kueleza anachouza, picha, nambari ya simu na ramani ya kumfikisha mteja dukani.

Aghalabu mfanyabiashara huyo huhitimisha kwamba mmoja wao ni mwerevu na wengine wawili ni walaghai, ila hajui ni yupi. Huchagua bei ya chini, au huacha shughuli nzima. Kwa upande wake, fundi aliyepoteza kazi kwa ajili ya mwenzake wa Sh5,000 huteremsha bei ijayo hadi Sh4,500, na miezi sita baadaye hujikuta akiuza kipakatalishi chake ili alipe kodi ya nyumba.

Miaka 20 iliyopita suala hili halingezuka katika mji wa kiwango cha Kathonzweni, ulioko kusini mashariki mwa Wote kwenye barabara ya kuelekea Makindu. Kazi ya tovuti ilifanywa Nairobi, na intaneti yenyewe ilipitia mitambo ya setilaiti kwa gharama iliyowatisha hata wenye makampuni. Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, miaka miwili baada ya kuzinduliwa kwa M-Pesa, kijana mwenye kipakatalishi na simu aliweza kufanya kazi hiyo na kulipwa bila kuhama kijijini. Lakini ujuzi wa kutengeneza tovuti ulienea haraka kuliko ujuzi wa kuiuza.

Kinachouzwa ni nini

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba vifaa vingi vya kazi hii havina bei. WordPress, programu iliyotolewa mwaka wa 2003 na ambayo huendesha zaidi ya thuluthi moja ya tovuti duniani, hupatikana bure. Mitindo ya kurasa iliyo tayari hupatikana kwa maelfu, mingi ikiwa bure pia. Mteja akisikia hivyo huuliza, na ni haki yake kuuliza, analipia nini basi.

Jibu linajulikana kwa yeyote aliyewahi kupeleka kitambaa kwa fundi cherehani. Kitambaa ni cha mteja na cherehani ilinunuliwa zamani. Kinacholipiwa ni saa za fundi, pamoja na makosa ambayo mkono wake ulikwisha kuyafanya na kuyaacha katika nguo za watu wengine. Tovuti haina tofauti. Bei yake haina budi kuanzia kwa saa, na saa haiwezi kupewa bei kabla fundi hajajua maisha yake yanamgharimu kiasi gani kwa mwezi.

Tuchukue mfano wa fundi mmoja anayejitegemea. Chakula, kodi ya nyumba na mahitaji ya jamaa humla Sh24,000 kwa mwezi. Umeme, intaneti na muda wa maongezi ni Sh4,500. Kipakatalishi cha Sh72,000 kinachotarajiwa kudumu miaka mitatu kinamgharimu Sh2,000 kila mwezi, ingawa hakuna anayemdai fedha hizo leo. Nauli za bodaboda na marekebisho madogo madogo ni Sh2,500. Akiba ya ugonjwa na ya miezi isiyo na kazi aiweke kuwa Sh7,000. Jumla ni Sh40,000. Takwimu hizi ni za mfano tu na kila mmoja ataweka zake, lakini safu hizo tano hazikwepeki, na ile ya mwisho ndiyo husahaulika zaidi.

Sasa saa. Mwezi una takriban siku 22 za kazi, na kwa saa nane kila siku hizo ni saa 176. Kosa la kawaida ni kugawanya Sh40,000 kwa 176 na kupata Sh227. Hakuna fundi anayeuza saa 176. Kuna saa za kumtafuta mteja, za kumngoja dukani akihudumia wateja wake, za kujifunza mambo mapya na za kukaa gizani umeme unapopotea. Akibahatika kuuza saa 80 kwa mwezi amefanya vyema. Sh40,000 kwa saa 80 ni Sh500 kwa saa, na hapo bado hajapata faida. Amepata kuishi tu.

Tovuti ya kurasa sita inayofanywa kwa makini huchukua takriban saa hizi: sita za kukaa na mteja na kukusanya habari, tano za kupiga picha na kuzisafisha, nane za kuandika maelezo, 14 za kujenga kurasa zenyewe, nne za kuzijaribu katika simu za aina mbalimbali, sita za marekebisho na tatu za kumfunza mwenye tovuti jinsi ya kubadilisha bei na tangazo mwenyewe. Hizo ni saa 46, yaani Sh23,000. Ongeza Sh5,000 za jina la tovuti na nafasi ya kuihifadhi kwa mwaka wa kwanza, nayo bei inafika Sh28,000.

Wengi hushangaa kuona saa nane za kuandika. Mfanyabiashara huahidi kuleta maelezo yake mwenyewe “wiki ijayo”, na wiki hiyo haiji. Fundi asiyetoza saa hizo ataziandika bure, au ataacha maneno ya Kilatini yaliyokuja na mtindo wa bure chini ya picha ya magunia ya ndengu.

Huyu wa Sh5,000

Ni rahisi kumbeza fundi wa bei ya chini, lakini hesabu haimhukumu haraka hivyo. Akitoa Sh2,500 za jina na za nafasi ndogo kabisa ya kuhifadhi tovuti, anabaki na Sh2,500. Kwa kiwango kile kile cha Sh500, hizo ni saa tano. Naye, kwa hakika, hutumia saa tano: anachukua mtindo ulio tayari, anabadilisha jina na rangi, anaweka picha tatu alizotumiwa kwa WhatsApp na kumaliza kabla ya chakula cha jioni. Hakumwibia mtu. Ameuza saa tano, na mwenzake ameuza 46.

Tatizo ni kwamba hakuna kati yao aliyemweleza mteja tofauti hiyo. Wote wawili wametaja tarakimu moja na neno “tovuti”, mfano wa maseremala wawili wanaotaja bei ya “meza” bila kusema ubao ni mwembe au mvule. Makadirio yanayoandika kazi mstari kwa mstari, kila mmoja na saa zake, humpa mteja nafasi ya kupunguza kazi badala ya kupunguza bei. Asiye na Sh28,000 anaweza kusema atajipigia picha mwenyewe, kurasa ziwe tatu, na mafunzo yangoje. Bei inashuka, lakini kila mtu anajua kilichotolewa.

Hilo pia ndilo jibu kwa mteja anayesema, kwa desturi ya soko, “Punguza kidogo.” Kupunguza bila kuondoa kitu ni kukiri kwamba bei ya kwanza ilibuniwa.

Kinachorudi kwa mteja

Hata hivyo, saa za fundi ni nusu ya hesabu. Mwenye biashara hanunui saa, ananunua wateja. Duka la pembejeo ambalo faida yake kwa mteja mmoja ni Sh300 litahitaji wateja wapya 94 ili kurudisha Sh28,000. Katika mji ambao wakulima wengi wanalijua duka hilo tangu utotoni, tovuti haitawaleta 94 kwa mwaka. Shule ya kibinafsi inayotoza Sh45,000 kwa mwaka hurudisha gharama yote kwa mwanafunzi mmoja tu, na mzazi anayeishi Nairobi au Mombasa akitafuta shule karibu na nyumbani kwao huanzia kwenye simu. Gesti yenye ukumbi wa mikutano hurudisha gharama kwa warsha moja ya mashirika, maadamu waandalizi wa warsha hizo hawapiti Kathonzweni wakibisha hodi. Hutafuta mtandaoni wakiwa Wote au Nairobi.

Kwa wakulima wa maembe hali ni ya namna nyingine. Makueni husifika kwa zao hilo, na serikali ya kaunti ilijenga kiwanda cha kusindika matunda Kalamba, lakini mkulima mmoja mmoja hauzi kwa tovuti. Kikundi chenye mzigo wa kutosha kujaza lori kinaweza, kwa kuwa mnunuzi wa mbali hutaka kujua aina ya embe, msimu na nani wa kupigiwa simu.

Kutokana na hesabu hii huja jambo ambalo mafundi wengi huliogopa: kumwambia mteja asinunue. Kinyozi, mwenye kibanda cha mboga na duka la rejareja hawahitaji tovuti. Kuandikishwa kwenye ramani ya Google na kufunguliwa akaunti ya biashara ya WhatsApp yenye orodha ya bidhaa hakuna ada, na fundi anaweza kuwafanyia kazi hiyo kwa saa tatu, Sh1,500, kwa uaminifu. Katika mji mdogo habari za fundi aliyemwokolea mtu fedha husafiri, kama zinavyosafiri za yule aliyemwachia mtu tovuti isiyofunguka.

Mwaka wa pili

Tovuti nyingi ndogo hazifi kwa kukosa urembo. Hufa mwaka wa pili. Jina la tovuti halinunuliwi, hukodiwa kwa mwaka. Nafasi ya kuhifadhi pia. Siku ambayo kodi hiyo inaisha bila kulipwa, ukurasa hutoweka, na baada ya muda wa rehema jina huachiliwa na mtu yeyote anaweza kulichukua. Shule inaweza kugundua kwamba anwani iliyochapishwa kwenye ripoti za wanafunzi sasa inatangaza kamari.

Kwa sababu hiyo makadirio hayana budi kuwa na bei mbili tangu siku ya kwanza: ya kujenga, na ya kila mwaka. Katika mfano wetu ya kila mwaka ni Sh5,000 za jina na nafasi, pamoja na Sh6,000 za saa moja ya matunzo kila mwezi, yaani Sh11,000. Mteja akiisikia bei hiyo mwanzoni huipanga. Akiisikia baada ya miezi 12 huiona kuwa hila.

Linalofuatia ni la umiliki, na hapa ndipo ugomvi mkali huzuka. Majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KeNIC na huandikishwa kupitia kwa mawakala wake. Biashara hutumia .co.ke, shule za msingi na za upili .sc.ke, na tangu 2017 mtu anaweza kuchukua jina linaloishia kwa .ke peke yake. Fundi anayeandikisha jina la duka la mtu kwa jina lake mwenyewe na barua-pepe yake mwenyewe amejishikia ufunguo wa nyumba isiyo yake. Wengine hufanya hivyo kwa uvivu, wengine kwa makusudi ili mteja asiweze kuhama. Mteja anapaswa kudai jina liandikishwe kwa jina la biashara, na akabidhiwe nywila zote siku anapomaliza kulipa.

Kuhusu kazi yenyewe, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 huchukulia kwamba kazi iliyoagizwa huwa mali ya aliyeiagiza, isipokuwa pande hizo mbili zimekubaliana vingine. Fundi anayetaka kuitumia tena sehemu ya kazi yake kwa mteja mwingine sharti aliandike hilo kwenye mkataba. Mkataba wenyewe si lazima uwe wa wakili. Karatasi moja yenye saini mbili yatosha.

Kulipwa

Nusu ya fedha kabla ya kuanza, robo kurasa zikionekana na robo wakati wa kukabidhi ni mpango uliozoeleka na usiomwonea yeyote. Arbuni hiyo ya kwanza ndiyo inayotenganisha mteja na mtu anayepitisha wakati. Kinachofaa kuongezwa Kathonzweni ni majira. Fedha za maembe huingia kati ya Novemba na Machi hivi. Za shule huingia mwanzoni mwa muhula. Mteja mzuri anayeombwa Sh14,000 mwezi wa Septemba atakataa, na mwezi wa Januari atalipa bila manung'uniko. Kumpangia awamu zinazofuata mavuno si hisani, ni biashara.

Marekebisho nayo yawekewe mpaka, kwa mfano mara mbili, na baada ya hapo kila saa ilipiwe. Bila mpaka huo, mteja atabadilisha rangi kila anapotembelewa na shemeji.

Anayekataa kulipa kabisa anaweza kufikishwa mbele ya Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka wa 2021 na ambayo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni kwa utaratibu usiohitaji wakili, ikitakiwa kutoa uamuzi katika siku 60. Ile karatasi yenye saini mbili ndiyo ushahidi.

Taasisi kama vile shule na hoteli kubwa huwa na masharti yake. Ada za kitaalamu zinazofika Sh24,000 kwa mwezi hukatwa asilimia tano, ambayo mlipaji huiwasilisha kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA) kwa niaba ya fundi. Kwa kazi ya Sh28,000 hizo ni Sh1,400. Hazijapotea, kwa kuwa huhesabiwa katika ushuru wake wa mwaka, lakini hazitakuwa mfukoni siku ya kulipwa. Tangu Januari 2024 pia, mfanyabiashara hawezi kuondoa gharama katika hesabu ya ushuru ikiwa hana ankara iliyotolewa kupitia mfumo wa eTIMS. Fundi asiyeweza kutoa ankara hiyo anauza kitu cha bei ghali zaidi kuliko tarakimu aliyoitaja.

Kuhusu zabuni za serikali za kaunti, tahadhari ni moja. Kufikia katikati ya 2024 kaunti zote kwa jumla zilikuwa na madeni ya zaidi ya Sh150 bilioni kwa waliozifanyia kazi na kuziuzia bidhaa. Mtu anayeishi kwa saa 80 kwa mwezi hawezi kungoja mwaka mzima.

Picha za watoto

Gharama moja huwa haionekani mpaka imfike mtu. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, picha ya mtu anayetambulika ni habari yake ya kibinafsi. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Kulinda Data aliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja cha burudani Sh1.85 milioni kwa picha ya mteja wake. Tovuti ya shule bila picha za wanafunzi haipendezi. Kwa hiyo saa za kuandaa fomu ya idhini na kuhakikisha kila mzazi ametia saini ziwekwe kwenye makadirio, na ieleweke kwa maandishi ni nani atakayezikusanya. Shule ndiyo yenye kuwajua wazazi.

Kuna mafundi wanaoona dawa ya kupigana bei ni kukutana na kukubaliana kwamba hakuna atakayetoza chini ya kiasi fulani. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza washindani kupanga bei kwa namna hiyo, hata kama ni watu watatu tu mjini. Wakamba wana mfano mwingine wa zamani. Wachongaji wa vinyago, waliokuwa wakiuza kila mtu peke yake kwa madalali, walianzisha chama cha ushirika Changamwe, Mombasa, mwaka wa 1963, wakawa wanauza pamoja chini ya paa moja badala ya kushindana mlangoni pa mnunuzi. Mafundi watatu wa Kathonzweni wanaweza vivyo hivyo kuungana kuwa biashara moja: mmoja apige picha, mwingine aandike, wa tatu ajenge kurasa. Saa 46 zinagawanywa, kazi inaisha kwa wiki moja badala ya tatu, na makadirio yanayomfikia mwenye gesti ni karatasi moja yenye bei moja iliyoelezwa mstari kwa mstari.